Sura ya Tano: Faili la Omugo

Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa kwa wasomaji, katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapwa mwaka 1960, alimlaza marehemu wake kwenye mzimu, na watu wa pale wakakata shauri kwamba mzimu ndio ulioua. Bwana Msa akawasha kiko, akauliza maswali yaliyoonekana hayana kichwa wala miguu, na mwisho ikabainika kwamba muuaji ni binadamu na mahali hapana hatia. Kesi ya sura hii ina mzimu wake pia. Ina maiti za kunguru, helikopta zinazomwaga sumu juu ya jiji, mtu aliyedai kuwa pacha wa bandia wa Saddam Hussein, wagonjwa wa saratani waliodungwa kirusi kwa makusudi, na jina la mahali lililobandikwa juu ya kosa. Msomaji wa riwaya za kisayansi atasema haya ameshayaona. Haya lakini hakuyatunga mtu.

Inaanza na shahidi aliye hai.

Desemba 1937. Omugo, nchi ya Walugbara, kaskazini mashariki ya mji wa Arua. Upande huo ndiko uliko mlima Wati, ambako wazee husema amezikwa Dribidu, mmoja wa mababu wawili wa kabila. Wa pili, Jaki, yuko mlima Liru kule Koboko. Waingereza waliita wilaya nzima West Nile kwa sababu ya mtu anayetazama ramani tu: iko magharibi ya mto. Ardhi hiyo ilikuwa imeshapita mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikapita Sudan, ikaingizwa Uganda mwaka 1914, na wenyewe hawakuulizwa hata siku moja.

Mwanamke mmoja, mtu mzima, ana homa. Watafiti waliofika na sindano zao wanachukua damu yake. Baada ya hapo anatoka kwenye hadithi. Ripoti ilichapwa mwaka 1940 katika jarida la Marekani la tiba ya nchi za joto, na kichwa chake kinasema damu ilitoka kwa mwenyeji wa Uganda, basi. Hata kwamba ni mwanamke hakisemi. Waandishi wanne, Smithburn, Hughes, Burke na Paul, majina yao yapo. Kirusi kilichotoka kwenye damu kina jina, tena kina namba, B956, ambayo wataalamu wa maabara duniani kote wanaitaja hadi leo. Shahidi wa kwanza ndiye pekee asiye na jina.

Tena walikuwa hawamtafuti yeye. Mwaka 1936 Rockefeller Foundation ya New York, kwa kushirikiana na serikali ya kikoloni, ilifungua pale Entebbe Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano. Kilichowatia hofu ni ndege. Safari za anga zilikuwa zimeanza kuunganisha Afrika na Asia, na madaktari wakawa hawalali kwa swali moja: mbu mwenye homa ya manjano akipanda ndege Afrika akashuka India, ambako mbu wa kuieneza wapo tele na watu hawana kinga, itakuwaje? Ili kulijibu ilibidi kwanza wajue ugonjwa umefika wapi Afrika Mashariki. Ndiyo maana timu zilikuwa zinazunguka vijijini zikikusanya damu. Msomaji aitie akilini hofu hiyo: kirusi cha Afrika, ndege, jiji la mbali lisilo na kinga. Waliagua sawasawa, ila walikosea kirusi na wakakosea jiji.

Chombo cha kazi kilikuwa panya mweupe. Max Theiler alikuwa ameonyesha mwaka 1930 kwamba panya akidungwa kirusi cha homa ya manjano ndani ya ubongo, anaugua, na tangu hapo maabara hazikulazimika tena kutegemea nyani, ambao ni ghali na wana fujo. Damu ya Omugo ikasafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Entebbe, daraja la Pakwach likiwa bado halijajengwa. Ikaingizwa kwenye bongo za panya, panya wakaugua. Ila vipimo vikakataa kwamba ni homa ya manjano. Hiki kilikuwa kitu kingine, na kilichokipenda ni ubongo.

Hapo ndipo Smithburn na wenzake walipoandika kidokezo kikubwa kuliko vyote vya kesi hii. Kirusi kipya, walisema, kina undugu na virusi viwili vilivyokwisha kujulikana: kile cha uvimbe wa ubongo wa Japani, na kile cha uvimbe wa ubongo wa St. Louis, mji wa Marekani uliopigwa na mlipuko mwaka 1933. Undugu huo ni wa karibu kiasi kwamba kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya mmoja inaweza kumshika mwingine kwa makosa. Mwaka 1942 Smithburn alirudi kwenye suala hilohilo na makala nzima ya namna ya kuvitofautisha vitatu hivyo. Kwa mpelelezi yeyote wa baadaye onyo lilikuwa limeshaandikwa: ukidhani umemkamata St. Louis, hakikisha hujamkamata ndugu yake.

Wakakipa kirusi jina la wilaya, wakaendelea na kazi. Maabara ya Entebbe ilikuwa na mavuno mengi miaka ile. Bwamba, 1937. Semliki, 1942. Zika, 1947, kutoka kwa tumbili aliyefungwa kwenye msitu kando ya Ziwa Victoria. Ukiisoma orodha hiyo kwa mkupuo unaona ramani ya Uganda imegeuzwa daftari la watuhumiwa. Aliyenusurika ni o'nyong'nyong ya mwaka 1959, ambayo Waacholi waliipa jina wenyewe, kwa maumivu ya viungo waliyoyapata.

*

Miaka ya 1950 ilipoanza, kesi ikahamia Misri. Maabara ya jeshi la majini la Marekani iliyokuwa Cairo iliwapeleka Taylor, Work na Hurlbut kwenye vijiji vya delta ya Nile, na watu hao wakafanya upelelezi ambao ningependa kila mwandishi wa riwaya ausome. Hawakumfuata mgonjwa. Walifuata mbu, wakafuata alichokula mbu. Wakaona kwamba mbu wa jamii ya Culex hukinyonya kirusi kwa ndege na kukirudisha kwa ndege, mzunguko usiokwisha, na kwamba binadamu na farasi huingia kwa bahati mbaya tu: damu yao haibebi virusi vya kutosha kumwambukiza mbu mwingine. Watoto wa vijiji vile walikuwa wanaambukizwa wakiwa wadogo, wanaugua homa ambayo mama zao waliihesabu kuwa homa tu, wanapona, wanabaki na kinga.

Hilo linaeleza pia kwa nini Omugo haikuwa na mlipuko wa kusimulia. Watu wanne kati ya watano wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote. Wa tano anapata homa, kichwa, mwili kuuma. Takriban mmoja kati ya 150 ndiye anayefikwa na janga lenyewe, kirusi kinapoingia kwenye ubongo au uti wa mgongo, na mara nyingi huyo ni mzee. Mahali ambapo kila mtu amekutana na kirusi utotoni, wazee wanakuwa na kinga. Na mahali ambapo kila homa ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, hakuna anayekwenda kutafuta.

Timu ile ya Misri ilifanya jambo jingine dogo. Waliwadunga ndege wa aina mbalimbali kuona nani ataugua, na kunguru wakafa, tena wengi. Matokeo yalichapwa katikati ya miaka ya 1950, yakawekwa rafuni.

Hapa sasa pana kisa ambacho ningekikuta kwenye riwaya ningesema mtunzi ametia chumvi. Wakati Taylor na wenzake wanahesabu mbu wa delta, aina moja ya kirusi hicho kutoka Misri, iliyoitwa Egypt 101, ilikuwa tayari iko Manhattan. Chester Southam na Alice Moore wa taasisi ya saratani ya Sloan-Kettering walikuwa wanatafuta virusi vinavyoweza kula uvimbe wa saratani bila kumuua mwenye uvimbe. Wazo lenyewe halikuwa la kichaa. Leo kuna tiba za saratani zinazotumia virusi vilivyorekebishwa. Walichofanya ni kuwadunga kirusi hai wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imeshawashinda madaktari. Uvimbe kwa baadhi ulinywea kwa muda. Baadhi ya wagonjwa walipata uvimbe wa ubongo. Makala zao zilitoka mwaka 1952 na 1954, wazi kabisa, na mtu yeyote aliweza kuzisoma. Miaka kumi baadaye Southam alipata sifa mbaya nchi nzima alipogundulika kuwadunga chembe hai za saratani wazee wa hospitali moja ya Brooklyn bila kuwaambia ni chembe za nini.

Kwa hiyo kirusi kilikuwa kimeshaingia New York karibu miaka 50 kabla jiji halijashtuka, tena kwa kibali. Kilibaki wodini, hakikutoka, na hakina uhusiano na kilichofuata. Nakitaja kwa sababu moja: mwaka 1999 watu walisema jina West Nile halijawahi kusikika katika bara la Amerika. Lilikuwa limesikika. Lilikuwa kwenye maktaba ya hospitali.

*

Tarehe 23 Agosti 1999, Deborah Asnis, daktari wa magonjwa ya kuambukiza katika hospitali ya Flushing, mtaa wa Queens, anainua simu na kuipigia idara ya afya ya jiji. Ana wagonjwa wawili wazee, wana homa, wamechanganyikiwa, na misuli yao imelegea kwa namna ambayo haifanani na kitu anachokijua. Daktari mwingine angeandika uvimbe wa ubongo usiojulikana chanzo, akageuza ukurasa. Katika watu wote wa kisa hiki yeye ndiye ninayemheshimu kuliko wote, kwa kuwa alichofanya hakikuhitaji mashine.

Maofisa wa jiji, akina Marcelle Layton na Annie Fine, wakaenda hospitalini. Siku chache tu idadi ikapanda. Wagonjwa hawakujuana, lakini walikaa eneo dogo la kaskazini ya Queens, na walikuwa na tabia moja: jioni walipenda kukaa nje, bustanini, uani. Kwenye yadi hizo maofisa wakakuta maji yaliyotuama na viluwiluwi vya mbu. Sampuli zikapelekwa kwenye maabara ya CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, tawi la Fort Collins, Colorado. Jibu likatangazwa Ijumaa tarehe 3 Septemba: uvimbe wa ubongo wa St. Louis.

Meya Rudolph Giuliani hakupoteza muda. Helikopta na magari yakaanza kumwaga dawa ya malathion juu ya mitaa, redio zikawataka watu wafunge madirisha, dawa za kujipaka zikagawiwa bure. Kwa upande wa mbu, haikuwa kazi bure. Dawa haiulizi kirusi kinaitwaje. Kwa upande wa upelelezi, kesi ilikuwa imefungwa na mtu asiye mwenyewe.

Kosa lilikuwa la kawaida kabisa, na ndilo linalonifanya nirudi Entebbe. Vipimo vya Fort Collins vilikuwa vimeandaliwa kwa virusi vya Marekani. Kingamwili za wagonjwa zililinganishwa na watuhumiwa wa nyumbani peke yao, na aliyefanana nao zaidi katika safu ile alikuwa St. Louis. Ndugu yake wa Omugo hakuwekwa kwenye safu kwa sababu hakuna aliyefikiri anaweza kuwepo. Smithburn alikuwa ameandika juu ya hatari hiyohiyo miaka 57 kabla. Dunia ilichukua jina kutoka West Nile, faili ikaliacha hukohuko.

Kunguru nao walikuwa wanaanguka. Tangu kiangazi cha mwaka ule watu wa Queens na Bronx walikuwa wakiokota kunguru waliokufa viwanjani na barabarani. Ward Stone, mchunguzi wa magonjwa ya wanyamapori wa jimbo la New York, alikuwa anapokea mizoga kila siku. Kisha, mwanzoni mwa Septemba, vifo vikaingia ndani ya uzio wa bustani ya wanyama ya Bronx. Mnandi mmoja. Heroe kadhaa, ndugu wa wale tunaowajua Nakuru na Natron. Tai mwenye kichwa cheupe, ndege wa taifa la Marekani.

Mkuu wa uchunguzi wa vifo vya wanyama pale aliitwa Tracey McNamara. Akafungua mafuvu, akakuta bongo zilizovimba na kuvuja damu, na mioyo iliyoharibika. Tangazo la St. Louis alikuwa amelisikia kama watu wengine. Akakaa akafikiri, na namna alivyofikiri ndiyo ingemfurahisha Bwana Msa. Kirusi cha St. Louis kinaishi ndani ya ndege wa Marekani na hakiwaui. Kwa hiyo ama ndege wake wanakufa kwa ugonjwa mwingine kabisa wa ubongo, katika jiji lilelile na wiki zilezile, au tangazo limekosea. Kuna kirusi kingine cha Marekani, cha uvimbe wa ubongo wa farasi wa mashariki, ambacho huua ndege. Lakini hicho humuua haraka emu, yule ndege mkubwa wa Australia anayefanana na mbuni, na emu wa Bronx walikuwa wanatembea vizuri, wanakula. Watuhumiwa wote wawili wakatoka kwenye orodha. Alichobaki nacho ni kirusi kinachoua kunguru na heroe, kinawaacha emu, na kinapatikana kwa watu na ndege kwa wakati mmoja. Hakikuwa cha pale.

Kwa simulizi yake mwenyewe, aliyoitoa hadharani mara nyingi, simu zake kwa watu wa afya ya binadamu zilipokewa kwa ubaridi: ndege ni ndege, watu ni watu. Akapeleka tishu kwenye maabara ya taifa ya mifugo kule Ames, Iowa. Ames wakakiotesha kirusi, wakakiona kwa hadubini, wakajua ni cha ukoo wa homa ya manjano, hawakujua ni kipi. Akatafuta mlango mwingine, wa maabara ya jeshi ya Fort Detrick, Maryland, mahali panapochunguza silaha za vijidudu, ambako hata wageni wa mbali zaidi huwekwa kwenye safu. Wakati huohuo Ian Lipkin, mtaalamu wa California, alikuwa ameletewa vipande vya ubongo wa wagonjwa waliofariki, akavisoma kwa vinasaba bila kupitia kingamwili zinazodanganya. Wiki ya mwisho ya Septemba njia zote zikakutana. CDC ikabadilisha tangazo. Mwaka ule ukaisha na wagonjwa 62 waliothibitishwa, saba wakiwa wamekufa, na kunguru kwa maelfu.

Mwaka 2000 wakaguzi wa bunge la Marekani waliandika ripoti nzima juu ya wiki zile, na kubwa walilolisema ni kwamba madaktari wa watu na madaktari wa wanyama hawakuwa na meza moja ya kukutania.

*

Jina jipya likatafuta mwenye kosa. Oktoba 1999 mwandishi Richard Preston alichapisha katika jarida la The New Yorker makala iliyouliza kwa sauti swali ambalo maofisa wa usalama walikuwa wakilinong'ona: je, kuna mtu amekileta? Kulikuwa na vitu viwili vya kutia wasiwasi. Kwanza, miezi michache nyuma gazeti la Uingereza lilichapisha sehemu za kitabu cha mtu aliyedai kuwa alikuwa pacha wa bandia wa Saddam Hussein, naye alisimulia kwamba Saddam alijisifu kuwa na aina ya kirusi cha West Nile iliyotengenezwa kuua. Pili, kumbukumbu za CDC zilionyesha kwamba mwaka 1985 shirika hilo lenyewe lilituma sampuli ya kirusi hicho Iraki, kwa ombi la mtafiti, kama lilivyokuwa likituma kwa maabara za nchi nyingine. Kisayansi hofu hiyo haikuwa na miguu. Kirusi ambacho watu wanne kati ya watano hawakihisi ni silaha ya hovyo. Lakini riwaya nzuri haihitaji silaha nzuri, inahitaji mtu wa kuogopwa, na mwaka ule alikuwepo.

Kwa upande wangu, dhana ya Iraki inanisumbua kidogo kuliko ile nyingine iliyopita kimyakimya, bila makala wala mjadala: kwamba kirusi kimetoka West Nile. Kwa msomaji wa kawaida wa Marekani, jina lilitosha kuwa ushahidi. Na watu wa eneo lile walikuwa na mzigo wa kutosha. Tangu Idi Amin wa Koboko aanguke mwaka 1979, kusema unatoka West Nile kulitosha kukuletea matatizo ndani ya Uganda yenyewe. Mwaka 1980 na 1981 majeshi yalilipiza kisasi kwa raia, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Miaka 20 baadaye jina lao linarudi kwenye televisheni za dunia, safari hii likiwa jina la maradhi.

Sasa tazama ushahidi. Desemba 1999 Robert Lanciotti na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kusoma vinasaba vya kirusi cha New York. Kilifanana karibu kabisa na kimoja kilichopatikana mwaka 1998 kwa bata bukini aliyekufa shambani Israeli. Kilivukaje bahari? Huenda mbu alipanda ndege, na hapo hofu ya Entebbe ya mwaka 1936 ingekuwa imetimia kwa kirusi kingine. Huenda alikuwa ndege wa magendo kwenye mzigo. Msafiri mgonjwa ndiye mwenye uwezekano mdogo, kwa sababu ile niliyoitaja ya damu yetu kuwa hafifu. Hadi leo kosa hilo halijapata mwenyewe.

Na kuna zaidi. Virusi vya West Nile vimegawanyika katika koo kadhaa, na mbili ndizo zinazowatia watu ugonjwa sana. Kirusi cha New York ni cha ukoo wa kwanza. B956, kile cha yule mwanamke, ni cha ukoo wa pili. Si kwamba kilisafiri kikabadilika njiani; ni matawi yaliyoachana zamani. Omugo ilitoa jina kwa kosa lililotendwa na binamu.

Kwa Marekani mambo hayakuishia Queens. Ndege walikibeba kuelekea magharibi, na katika miaka mitano hivi kilikuwa kimegusa pwani ya Pasifiki. Mwaka 2002 ikagundulika kwamba kinaweza kupita kwenye damu ya kuongezewa na viungo vya kupandikizwa. Tangu mwaka uliofuata damu inayotolewa kule hupimwa. Mwaka 2012 peke yake vifo vilifika 286. Farasi wana chanjo, sisi hatuna. Agosti 2024 Anthony Fauci, mzee aliyeongoza vita vya Marekani dhidi ya virusi kwa karibu miaka 40, alilazwa hospitalini kwa kirusi hicho.

Wilaya ya West Nile yenyewe haipo tena. Omugo iko wilaya ya Terego, iliyokatwa kutoka Arua Julai 2020, na tangu mwaka 2017 inawapokea wakimbizi wa Sudan Kusini katika makazi yaliyoongezwa kwenye kambi ya Rhino. Wanaojua tiba ya malale wanaijua kwa jambo jingine. Kituo chake cha afya kilikuwa miaka mingi mahali pa kutibia malale, enzi ambazo dawa ya hatua ya mwisho ilikuwa melarsoprol, iliyotengenezwa kwa aseniki, inayochoma mishipa ikiingia na iliyokuwa inaua baadhi ya wale iliyokuja kuwaokoa. Mojawapo ya majaribio yaliyofungua njia ya kuiacha dawa hiyo, kwa kuunganisha nifurtimox na eflornithine, lilifanyika Omugo. WHO, Shirika la Afya Duniani, iliuingiza mchanganyiko huo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2022 ikathibitisha kwamba Uganda imeuondoa ugonjwa wa malale wa aina ya gambiense kama tishio kwa afya ya umma. Dawa haikuitwa kwa jina la mahali popote. Mwaka 2015 WHO ilitoa pia mwongozo kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali. Ya zamani yakaachwa na majina yake.

Nilikuwa tayari kuifunga kesi hapo, mshtakiwa huru, mpaka nilipofika kwenye mambo ya Hungaria. Mwaka 2004 kinda la kipanga lilikufa kule kwa uvimbe wa ubongo, na kirusi kilichotolewa kwake kilikuwa cha ukoo wa pili. Ukoo wa Omugo, ambao kwa miongo yote ulijulikana kuwa wa Afrika, ukadhaniwa mpole. Miaka michache ulikaa kimya kwenye ndege wa Ulaya ya kati. Kiangazi cha 2010 ukaibuka Ugiriki, kwenye nyanda za mpunga na mito karibu na Thessaloniki, na ukaua zaidi ya watu 30, wengi wazee, kwa namna ileile ya Queens. Mwaka 2018, wenye joto lililowahi mapema, nchi za Umoja wa Ulaya ziliandika zaidi ya wagonjwa 1,500, Italia na Ugiriki zikitangulia, na wanaotajwa kubeba lawama kubwa ni virusi vya ukoo huo wa pili. Watuhumiwa wa safari ni ndege wanaohama, korongo na wenzake, wanaopita bonde la Nile kila mwaka bila kusimama kwenye mpaka wowote. Ni ndege gani hasa, na kama ukoo huo ulivuka mara moja au mara kadhaa, maabara za Ulaya bado zinabishana.